Nani Mwenye Uwanja?

Clarkston ni mji mdogo pembeni mwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani. Ulisajiliwa mwaka 1882, ukakua kandokando ya reli, na hata jina lake ni la mkubwa mmoja wa kampuni ya reli. Zamani wakazi wake walisifika kwa kufuga mbuzi, na mpaka leo timu za sekondari ya pale zinajiita Angora, jina la mbuzi wenye manyoya marefu. Eneo lake la asili halikuzidi sana maili moja ya mraba. Mtu mwenye miguu mizima angeweza kulikata lote kabla chai haijapoa. Kilomita chache mashariki yake lipo jabali la Stone Mountain, ambako usiku mmoja wa mwaka 1915 watu walichoma msalaba na kuifufua Ku Klux Klan. Silitaji jabali hilo ili wakazi wa leo walipie madhambi ya babu zao. Nalitaja kwa kuwa zipo simulizi nyingi zinazoieleza Clarkston kama mji wenye moyo mweupe uliopokea wageni wa dunia kwa vigelegele, na simulizi hizo si za kweli. Mji huu haukuomba wageni, na kwa muda mrefu haukuwataka.

Wageni walifikaje, basi? Miaka ya 1970 na iliyofuata wajenzi waliona faida katika barabara kuu inayouzunguka mji wa Atlanta. Wakajenga majengo ya fleti, mtaa baada ya mtaa, kwa ajili ya Wamarekani weupe wa tabaka la kati waliofanya kazi mjini na kulala pembeni. Baada ya muda weupe hao walihamia mbali zaidi, kwenye nyumba mpya zenye bustani. Weusi walipoanza kupanga fleti zile, kuhama kwa weupe kukazidi kasi. Kodi ikashuka na majengo yakaanza kuchakaa. Hapo ndipo mashirika yanayowatafutia wakimbizi makazi mapya, yaliyopewa kazi hiyo chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980, yalipoitazama ramani na kuona yalichokihitaji: vyumba tupu kwa bei nafuu, basi na treni za kwenda mjini, na ajira ambazo hazidai Kiingereza. Familia zikapangishwa. Wenye mji hawakuulizwa.

Wakaja Wavietnamu kwanza. Kisha kila vita vilivyotangazwa redioni vilileta watu wake: Bosnia, Kosovo, Somalia, Sudan, Ethiopia, Liberia, Iraki, Burma, Wabhutani wenye asili ya Nepali, Afghanistan, Syria. Mji uliokuwa karibu wote wa weupe miaka ya 1970 ulifika mwaka 2000 ukiwa na watu 7,231, na takriban theluthi yao walizaliwa nje ya Marekani. Sekondari ya pale ikawa na wanafunzi wenye asili ya nchi zaidi ya 50. Waandishi wa habari wakaupa mji kila jina tamu walilolipata. Baraza la mji lilikuwa bado linajiuliza maswali ya kawaida zaidi, kama vile nani azoe takataka na polisi wazungumze na watu kwa lugha gani.

Msomaji wa Kiswahili ana jamaa zake humo. Kuanzia mwaka 2003 walifika Wasomali Wabantu waliochujwa katika kambi ya Dadaab na kufanyiwa usaili katika kambi ya Kakuma, zote za Kenya. Baadhi yao ni wazawa wa Wazigua, waliotoka pande za Tanga karne ya 19 wakaishia bonde la Mto Juba, na bado wanazungumza Kizigula. Wenzao waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengine wakapata uraia. Maana yake ni kwamba ukoo mmoja ulirudi nyumbani baada ya zaidi ya karne, na ukoo wa jirani yake ukapelekwa Georgia. Wakafuata Warundi wanaoitwa wa 1972, kwa mwaka wa mauaji yaliyowatoa kwao, waliokuwa wamekimbia mara ya kwanza, ya pili, na wengine ya tatu, hadi makambi ya magharibi ya Tanzania. Marekani iliwachukua zaidi ya 8,000 kuanzia mwaka 2007 hivi. Kisha Wakongo kutoka Kivu, wengi wao kupitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na makambi ya Uganda. Mwaka wa fedha wa 2016 Kongo iliongoza nchi zote kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, watu 16,370. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu akiteremka kwenye basi Clarkston anaweza kukaa siku nzima bila kusikia Kiingereza kingi, ila Kiswahili cha Bukavu, Kirundi, Kinepali na Kiarabu.

Wanaoandika miradi ya vijana hupenda kuanza na utamaduni: mgongano wa mila, utambulisho, mshtuko wa ugenini. Hayo yapo. Lakini ukitaka kuelewa kilichowakuta vijana wa Clarkston, anza na saa ya ukutani.

Mkimbizi aliyepelekwa Marekani alipewa nauli ya ndege kwa mkopo. Haukuwa na riba, lakini ulikuwa deni, na ulianza kulipwa miezi sita baada ya kufika. Msaada wa awali wa shirika lililompokea ulihesabiwa kwa siku 90. Baada ya hapo mtu mzima alitakiwa ajitegemee, na kujitegemea maana yake ilikuwa kuchukua kazi ya kwanza inayopatikana. Kazi hiyo mara nyingi ilikuwa usafi wa hoteli Atlanta, kufungasha bidhaa ghalani, au viwanda vya kuchinja kuku vya kaskazini mwa Georgia, safari ya zaidi ya saa moja kwa gari. Wazazi huondoka kabla watoto hawajaamka, au hurudi wakati watoto wakienda shule. Shule hufungwa alasiri. Kati ya kengele ya mwisho na kurudi kwa mama kuna saa nne, tano, au usiku mzima, na katika saa hizo mtoto wa miaka 11 anawalea wadogo zake kwenye fleti yenye mlango unaofungwa kwa minyororo, kwa sababu uwanjani kuna magenge na wauza unga. Kambini kulikuwa na shida za kila namna, ila hakukosekana bibi au jirani wa kumkemea mtoto. Hapa jirani ni Mburma, na yeye pia yuko kazini.

Halafu kuna suala la umri. Shule za umma zilimpanga mwanafunzi mgeni kwa miaka yake. Kijana wa miaka 15 ambaye vita vilimnyima darasa la kwanza aliketishwa na wenzake wa miaka 15, akapewa algebra na historia ya Marekani, hali hawezi kusoma jina lake. Walimu wengi walijitahidi. Wengine walimpitisha tu, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hakuwa akisumbua.

Wenyeji nao walikuwa na manung'uniko yao, na si yote yalikuwa ya chuki. Walioishi pale tangu utoto walijiona wamepokonywa mji bila kupigiwa kura. Mwaka 2003 meya aliitisha mkutano kati ya wakazi na mashirika ya wakimbizi, na baadhi ya wakazi waliuliza bila kuficha kitu njia ya kuwazuia wageni wasiendelee kuja. Mkutano ule haukuzaa upendo. Mji ulianza kuzoea mambo kupitia kaunta ya duka kabla ya kuyazoea ukumbini.

Kulikuwa na duka la vyakula liitwalo Thriftown. Wateja wa zamani walipohama, mwenye duka akakaribia kufilisika. Alikuwa amemwajiri mwanamke wa Kivietnamu, naye akamshauri aagize vyakula wanavyokula watu waliobaki. Akaagiza vya Wavietnamu, mauzo yakapanda. Akaagiza vya Wabosnia, vya Waafrika, na kadhalika, hadi rafu zikawa kama orodha ya vita vya dunia. Alifanya hivyo kwa sababu ya biashara, wala hakujidai mtetezi wa haki za binadamu. Kanisa la Kibaptisti la mji lilipita njia kama hiyo. Waumini wa zamani walikuwa wakipungua mwaka baada ya mwaka, na badala ya kufunga milango kanisa likajibadilisha jina kuwa la kimataifa, likawafungulia Wasudani, Waliberia, Wafilipino na wengine. Baadhi ya waliokuwamo waliondoka kwa hasira. Waliobaki walijifunza kukaa ibada ndefu zaidi.

Nimetaja duka na kanisa kabla ya mradi wowote wa vijana kwa makusudi. Miradi huja na fedha na ripoti, na huondoka fedha zikiisha. Duka na kanisa vilikuwa na sababu yake vyenyewe ya kubadilika.

Mwaka 2004 mwanamke wa Kijordani aitwaye Luma Mufleh, aliyezaliwa Amman na kusoma Smith College huko Massachusetts, alikuwa akiendesha mkahawa na kufundisha soka la wasichana katika eneo lenye fedha la Atlanta. Alikuwa na mazoea ya kwenda Clarkston kununua mikate na vyakula vya kwao. Siku moja, baada ya kupotea njia, akawakuta wavulana wakicheza soka katika eneo la kuegesha magari: mpira umechakaa, wengine peku, mawe ndiyo magoli. Akawatazama, na baadaye akarudi na mpira mzuri. Simulizi hii imeshasimuliwa mara nyingi, na ni rahisi kuikuza ikawa hadithi ya malaika. Mimi inanivutia pale inapoacha kuwa tamu.

Soka la watoto Marekani ni mchezo wa wenye nacho. Klabu nzuri hudai maelfu ya dola kwa mwaka kwa mtoto mmoja, pamoja na sare, safari na mzazi mwenye gari na Jumamosi tupu. Watoto wa Clarkston, waliotoka nchi ambako soka ni la kila mtu mwenye mguu, walijikuta katika nchi tajiri ambako hawawezi kulicheza. Mufleh alitangaza majaribio ya bure. Walipofika, walijigawa wenyewe: Waafrika wa Magharibi huku, Wabosnia kule, Waafghani peke yao. Timu iliyoundwa ikajiita Fugees, jina lililokatwa kutoka neno la Kiingereza la wakimbizi.

Masharti yake yalikuwa makali, na yaliandikwa katika mkataba ambao kila mchezaji alitia saini. Kufika kwa wakati. Kuhudhuria masomo ya ziada kabla ya mazoezi, asiyesoma hachezi. Kutokunywa, kutokuvuta, kutoingia magenge, kutomdharau mtu. Nywele zisizidi urefu wa nywele za kocha, ambazo zenyewe zilikuwa fupi. Na uwanjani lugha ni Kiingereza tu.

Sharti hilo la mwisho linanikera kidogo, na nadhani litamkera kila mtu anayesoma haya kwa Kiswahili. Katika timu ile mvulana wa Bujumbura, wa Goma na Mbantu wa bonde la Juba wangeweza kuelewana kwa Kiswahili bila shida. Lakini hapo ndipo penye tatizo alilolitazama kocha: wangeelewana wao, na Mkosovo angebaki nje. Kiingereza kilikuwa kigeni kwa wote sawasawa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumcheka mwenzake kwa raha. Kwa saa mbili za mazoezi namkubalia. Nyumbani lugha hiyo ilikuja na gharama yake. Mtoto aliyekishika Kiingereza ndiye aliyeenda na mama hospitali, ndiye aliyesoma barua ya mwenye nyumba, ndiye aliyemtafsiria mwalimu malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe, na bila shaka baadhi walitafsiri kwa faida yao. Baba aliyekuwa na kauli kambini akajikuta akimwomba mwanawe msaada wa kuongea na dereva wa basi. Hakuna mkataba wa soka unaoweza kulitengeneza hilo, na sijaona mradi uliolitengeneza vizuri.

Kocha hakuishia uwanjani. Wachezaji walipochelewa au kulala njaa, aliwafuata nyumbani na kukuta kile kile: mama yuko zamu ya usiku. Akaanzisha kampuni ndogo ya usafi wa nyumba na ofisi ili baadhi ya kina mama wapate kazi ya mchana karibu na nyumbani. Kwangu hii ndiyo hatua yenye akili kuliko zote alizochukua, ingawa haina picha nzuri ya kuweka kwenye bango. Mtu aliyeona kwamba nidhamu ya mtoto inategemea ratiba ya mama, akaenda kuigusa ratiba ya mama, ameelewa kitu ambacho semina nyingi za uongozi wa vijana hazijakielewa.

Alikuwa pia mkali kupita kiasi, kwa maoni ya wengine. Mwaka 2006 timu ya wakubwa wa umri ilipoharibika nidhamu, wachezaji wakawa hawafiki, alifuta msimu wao. Wavulana kadhaa walimfuata, wakaomba nafasi, wakaenda kutafuta wenzao mlango kwa mlango, na timu ikaundwa upya. Waliokwenda kutafuta wenzao ndio waliokuwa na haja ya timu. Katika timu nyingine ya wadogo wavulana walianza kuomba dua kabla ya mechi kwa namna mbili, ya Kikristo na ya Kiislamu, moja baada ya nyingine. Hawakuambiwa na mtu mzima.

Lakini uwanja wa kuchezea ulikuwa wa nani?

Clarkston ina bustani ya umma iitwayo Milam Park, yenye uwanja wa nyasi uliokuwa ukikaa bure siku nyingi. Timu ya wakimbizi haikuwa na uwanja. Kwa muda walifanya mazoezi nyuma ya shule ya msingi, kwenye ardhi ya mchanga na vipande vya chupa, wakigombea nafasi na watu wazima waliokuja kucheza wenyewe. Kocha alipotaka bustani ya mji, meya alikuwa ameshatamka gazetini kwamba kwa muda wote atakaokuwa madarakani pale patachezwa besiboli na futiboli ya Kimarekani tu, kwa kuwa viwanja havikutengenezwa kwa ajili ya soka. Si kwamba kulikuwa na foleni ya watoto wa besiboli. Wengi wao walikuwa wamehama na wazazi wao zamani. Uwanja ulikuwa ukilindwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Mufleh alikwenda mbele ya baraza la mji. Baraza likapiga kura kuwaruhusu kwa kipindi cha majaribio, kisha mvutano ukaendelea kuhusu nani acheze, lini, na kwa barua ipi. Januari 2007 Warren St. John aliandika habari ndefu kuhusu timu hiyo katika ukurasa wa mbele wa New York Times, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu, Outcasts United. Fedha na barua za wahisani zikamiminika, na mji ule mdogo ukaona aibu mbele ya nchi nzima. Sitaki kuidharau aibu. Imefanya kazi nzuri katika historia. Ila mji unaofungua uwanja kwa sababu ya gazeti la New York bado haujakubali kwamba watoto wale ni wake.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi ukiwafuata baadhi ya watu wa Clarkston walikohamia. Kuanzia mwaka 2001 familia za Kisomali zilianza kuondoka Georgia kwenda Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa, kwenye theluji. Walitafuta shule nzuri na usalama, na habari zilienda kwa simu kutoka ndugu hadi ndugu. Wenyeji wa Lewiston walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Kanada ya Kifaransa, na hawakuwa wepesi kuwapokea pia. Mwaka 2002 meya wao aliandika barua ya wazi kuwasihi Wasomali wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kiliitisha mkutano pale. Maelfu ya wakazi wakakusanyika upande mwingine wa mji kuwapinga.

Vijana wa Lewiston hawakuundiwa timu ya wakimbizi. Waliingia katika timu ya sekondari ya mji, chini ya kocha Mike McGraw, mzungu aliyekuwa amefundisha pale tangu zamani na ambaye alilazimika kubadili mengi aliyoyazoea, hata namna ya kupanga mazoezi mwezi wa Ramadhani. Novemba 2015 timu hiyo, iliyojaa vijana wenye asili ya Somalia pamoja na wa Kenya na Kongo, ilitwaa ubingwa wa jimbo, ushindi ambao shule ile haikuwahi kuupata katika soka. Waliopiga honi barabarani usiku ule walikuwa wakishangilia shule waliyosoma wao na wazazi wao. Hakukuwa na haja ya kuwaeleza kwamba vijana wale ni wao. Jezi ilisema.

Je, Lewiston ilikuwa sahihi na Clarkston ikakosea? Si rahisi hivyo. Lewiston ilikuwa na shule moja ya sekondari na mji wenye umoja wa zamani wa kuwaingiza watu ndani yake. Clarkston haikuwa na kitu cha kumwingiza mtu ndani yake. Wenyeji walikuwa wakiondoka na kila mtaa ulikuwa wa wapangaji. Tena mtoto wa Lewiston ilibidi awe ameshafika sekondari na anafaulu ndipo acheze. Fugees waliwapokea wale ambao shule ilishawapoteza. Timu ya wakimbizi peke yao huwatenga na wenyeji, ndiyo, lakini kwa mtoto asiyejua kusoma kutengwa huko ni pumziko. Nadhani miaka miwili au mitatu ya pumziko ni sawa. Kumi ni kifungo.

Mufleh mwenyewe alikwenda mbali zaidi upande wa kutenga. Mwaka 2007 alianzisha Fugees Academy, shule ya bure kwa watoto wakimbizi, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kumpanga mtoto kwa anachokijua, bila kujali umri. Kijana wa miaka 14 akianzia kwenye sauti za herufi, wenzake darasani wanaanzia hapo hapo, na hakuna wa kumcheka. Soka lilikuwa somo la lazima, sanaa pia. Baadaye shule kama hiyo ilifunguliwa Columbus, Ohio, na mtindo wake ukafika Bowling Green, Kentucky, miji miwili yenye wakimbizi wengi.

Karibu na Clarkston palikuwa na jaribio la namna nyingine kabisa. International Community School ilifunguliwa mwaka 2002 kama shule ya umma yenye uhuru wa kujiendesha, kwa nia ya kuwaketisha pamoja watoto wa wakimbizi na watoto wa Wamarekani waliochagua kuja, weusi na weupe. Wazazi wa Kimarekani walijiandikisha kwa hiari na wakasubiri nafasi. Shule hiyo haikupata umaarufu wa Fugees; haina meya wa kulaumiwa wala kocha shujaa, na watoto wake huanza wakiwa wadogo kabla hawajaharibikiwa. Mimi ningeitazama hiyo kwanza kama ningekuwa diwani wa Kinondoni au Eastleigh, kwa kuwa inaanza mapema na inamgusa pia mtoto wa mwenyeji.

Siasa za Clarkston zilibadilika polepole kwa sababu ya kalenda. Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja na uraia baada ya miaka mitano. Waliokataliwa mwaka 2003 walianza kupiga kura. Mwaka 2013 wakachagua meya kijana, Ted Terry, aliyefanya ukaribishaji wa wageni kuwa sera yake. Katika baraza waliketi watu waliozaliwa Somalia na Eritrea. Mwaka 2020 Beverly Burks alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa meya wa mji huo. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 14,756, wengine kwa sababu mji ulikuwa umepanua mipaka.

Waliofanikiwa, hata hivyo, hawakai. Familia ikipata magari mawili na mishahara miwili ya uhakika hununua nyumba mbali kidogo, kwenye kiunga chenye shule zinazosifiwa, kama walivyofanya weupe wa miaka ya 1970. Kwa hiyo mradi wa vijana wa Clarkston ulikuwa ukianza upya kila mara na watu wapya, na kila mafanikio yake yaliondoka na gari la kuhamisha mizigo. Ulitegemea wapya waendelee kuja. Mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi karibu 85,000. Mwaka wa 2019, 30,000. Tarehe 20 Januari 2025 amri ya rais ilisimamisha upokeaji wenyewe, na mashirika yaliyoishi kwa fedha za serikali kuu yakaanza kuwapunguza wafanyakazi, wengi wao wakiwa ni wakimbizi wa jana.

Waliobaki Clarkston ni wale ambao hawakuweza kuhama, na watoto wao waliozaliwa Georgia. Huduma za serikali kuu kwa wakimbizi hukoma miaka mitano baada ya mtu kufika, na mtoto aliyezaliwa pale si mkimbizi katika karatasi yoyote. Kwenye fleti hizo hizo, tangu mwanzo, wanaishi pia Wamarekani weusi maskini, ambao watoto wao waliona mabasi ya wahisani yakija kuwachukua majirani kwenda mazoezini na masomo ya ziada, wao wakabaki barazani kwa sababu fomu iliuliza mtu ametoka nchi gani. Kwa mara ya kwanza katika miaka 40 karibu hakuna mtu mpya wa kuandikiwa mradi. Fomu hiyo itabidi iandikwe upya, au itupwe.